Sinema ya Mchana Kakuyuni

Mimi nikishika jambo siliachi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nimekunja ngumi na kwamba mkunga alipata taabu kuikunjua. Nayasema haya mwanzo ili msomaji asije akanihurumia mahali pasipostahili. Mwaka ule niliogombana na nusu ya wazazi wa Kakuyuni kwa sababu ya sinema, nilijua ninagombania nini, na hata leo sijaona nilipokosea.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mtaala mpya umetuangukia kichwani bila hodi. Darasa la nane limeongezwa, na sanaa, ambayo zamani ilikuwa saa ya mwalimu kupumzika, imekuwa somo la mtihani. Mimi ni mtoto wa Malindi mjini, nimelelewa kwenye nyumba za mawe, nikapelekwa Kakuyuni kufundisha jiografia. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa bara, mwema, mwenye kuupenda sana usingizi wa baada ya chakula. Akanitazama, akaniambia, "Na sanaa utachukua wewe, mwalimu. Wanawake mna mikono mizuri." Nikaichukua, lakini si kwa ajili ya mikono.

Taabu yangu ilikuwa hii. Ukiwaambia watoto wale wachore nyumba, walichora nyumba yenye dohani inayofuka moshi, kama ile ya kitabuni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala katika nyumba yenye dohani. Nyumba zao zilikuwa za udongo na makuti, nzuri ajabu za kuchorwa, ila hawakudhani kwamba kitu cha kwao kinaruhusiwa kuingia kwenye karatasi. Jiografia ilikuwa vivyo hivyo. Waulize mmomonyoko wa udongo ni nini, watakuimbia maelezo ya kitabu neno kwa neno, kisha watoke nje waruke korongo lililochimbwa na mvua nyuma ya choo cha shule, wasijue kwamba ndilo hilo walilokuwa wakiliimba. Jambo hili lilinikera hata nikawa nala chakula cha jioni nimenuna.

Nikasikia kwamba kuna mahali Kilifi wana mashine ya sinema ya kuazima mashule, pamoja na jenereta yake. Nikaenda. Mtunzaji wake, mzee mtaratibu mwenye miwani, akaniuliza kama shule yangu ina umeme. Nikasema haina. Ina mapazia? Haina. Vioo vya madirisha? Nikamwambia hata madirisha yenyewe ni matundu tu. Akavua miwani, akasema pole pole kwamba mashine hiyo haifai shule ya namna yangu. Nikamwomba kiti, nikamwambia nitakaa hapo mpaka shule yangu iote mapazia. Akacheka, akidhani ni mzaha. Ilipofika saa ya kufunga akaona si mzaha, akaniahidi mashine kwa muhula mmoja, na filamu chache, mojawapo ya udongo.

Sinema ya mchana ina adui mmoja tu, jua. Kwa hiyo nilizunguka nyumba za jirani, nikaazima makuti mapya kwa akina mama waliokuwa wakiyashona ya kuuza, nikachukua na majamvi ya nyumbani kwetu, tukayaziba madirisha yote ya darasa la nane na mlango pia. Shuka jeupe la kitanda changu likawa ukuta wa sinema. Jenereta tuliiweka chini ya mkorosho, ikawa inanguruma hata maneno ya filamu hayasikiki. Haikuwa hasara, maana yalikuwa ya Kiingereza cha mtu anayezungumza huku amebana pua. Nikaizima sauti, nikasimama kando ya shuka nikieleza mwenyewe kwa Kiswahili.

Joto lilikuwa la tanuri la mkate. Watoto walitoa jasho, na mimi nilitoa jasho, na hakuna aliyejali. Filamu ilionyesha nchi moja ya milima. Mvua inanyesha kwenye shamba lililo wazi, maji yanatafuta njia, yanachimba, udongo mwekundu unashuka mpaka mtoni. Nikawaambia, "Mnaujua mto gani wenye rangi hiyo?" Kisha mmoja akasema kwa sauti ya kujiuliza, "Sabaki?" Nikasema ndiyo, Sabaki. Na ule wekundu mnaouona baharini Malindi wakati wa mvua, ni mashamba ya watu yale, yanakwenda.

Baada ya sinema sikuwapa maswali. Niliwatoa nje, nikawapa makaratasi ya mifuko ya saruji, ambayo niliyaomba kwa mafundi waliokuwa wakijenga hoteli Malindi. Tuliyakung'uta vumbi, tukayakata. Rangi tulikuwa tumezitengeneza wenyewe: makaa, manjano ya jikoni, udongo mwekundu uliochanganywa na ulimbo wa mkorosho ili ushike. Nikawaambia, "Mchore mahali udongo wa kwenu unapotokea na mahali unapokwenda. Nikiona dohani naichana karatasi."

Hapo ndipo nilipomwona vizuri binti mmoja ambaye mwaka mzima nilimjua kwa ukimya wake. Alikuwa anakaa karibu na ukuta, ukimwuliza swali anaangalia vidole vyake vya miguu. Siku ile alichora shamba la kwao kana kwamba yuko juu yake, akilitazama toka mbinguni: safu za mahindi, mihogo, nyumba mbili, na korongo limelipasua shamba katikati, likigawanyika vitawi vitawi kama mshipa wa mkono. Nilisimama nyuma yake nikasahau wengine. Nikamwuliza ameyaonaje haya kutoka juu. Akasema, "Nikipanda mkorosho, mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza kunijibu. Nilifurahi hata nikaona haya kuonyesha, nikamwambia tu amalizie pembe ya chini.

Wiki haikuisha ukatokea mkutano.

Maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka, na kila aliyeyapokea aliyatia chumvi kidogo kabla ya kuyapitisha. Ati mwalimu wa Malindi anawafungia watoto gizani mchana. Ati wavulana na wasichana wanakaa pamoja, hakuna anayeona mkono wa mwenziwe uko wapi. Ati kuna mashine inanguruma nje ili watoto wakilia wasisikike. Wazazi wa Kakuyuni walikuwa Waislamu, Wakristo wa makanisa mbalimbali, na wanaofuata mila za wazee wao, watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya kuchimba choo cha shule. Juu ya giza langu walikubaliana kwa sauti moja. Nikawaambia kwamba katika darasa langu kulikuwa na adabu kuliko katika mkutano ule. Mwalimu mkuu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Baba wa yule binti alisimama mwisho. Alikuwa mkulima, mrefu, mwenye sauti ya chini isiyotaka ubishi. Akasema, "Mimi sina maneno mengi. Mwanangu harudi kwenye shule yenye giza." Akavaa kofia yake akaondoka.

Nilidhani ni hasira za siku moja. Kesho yake binti hakuja, na siku zilizofuata pia. Majina ya watahiniwa yalikuwa karibu kupelekwa, na asiyekuwepo shuleni jina lake halingepelekwa. Mwaka ungempita, na mtoto wa kike aliyekwisha kukaa nyumbani mwaka, nyinyi mnajua na mimi najua. Mwalimu mkuu akanishauri nirudishe mashine Kilifi mambo yapoe. Nikamwambia nikiirudisha sasa nitakuwa nimekubali kwamba tulikuwa tukifanya uchafu mle ndani, na huyo binti atabeba jina hilo maisha yake yote. Kisha akasema, "Haya. Lakini wazazi wasipokubali, mwisho wa mwezi inarudi."

Nilikwenda nyumbani kwao kwa miguu, jioni, na kanga yangu ya pili nimejitanda. Mke wake alinikaribisha akanipa kigoda. Binti alikuwa anatwanga mahindi. Aliponiona akaendelea kutwanga, ila mchi ukapoteza mwendo. Baba akatoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu."

Alinijulia hali ya nyumbani, akaniuliza habari za Malindi, akanisikitikia kwa umbali wa njia. Nilipofika kwenye jambo lenyewe akasema, "Hilo nilikwisha kusema mkutanoni," akaniuliza kama nitakunywa uji. Nilikunywa uji. Nikarudi nilivyokuja.

Nikaenda tena. Safari hii nilimkuta shambani, amesimama ukingoni mwa korongo. Lilikuwa vilevile alivyolichora mwanawe, na pale niliposimama chini sikuweza kuona umbo lake. Nilikuwa nalijua kwa sababu ya karatasi ile tu. Nikamwambia, "Baba, mwanao amelichora shimo hili vizuri kuliko ninavyoliona kwa macho."

Akasema, "Kulichora kutalifukia?"

"Hakutalifukia. Lakini asiyeliona hatalifukia kamwe."

"Mimi naliona kila siku."

"Basi umelifanya nini?"

Lo, nilijua nimevuka mpaka. Yeye ni mtu mzima, mimi ni msichana wa mjini nimesimama kwenye shamba lake na viatu vyangu. Nikaona heri nimalize niliyoyaanza. Nikamwambia, "Unasema giza. Hulijui giza lenyewe. Njoo ukae ndani yake, wewe na mkeo na wazazi wengine. Nitaziba madirisha, nitawasha mashine ile ile, nitaonyesha kitu kile kile. Ukiona uchafu, mashine inaondoka na mimi naomba uhamisho. Ukikosa kuuona, mwanao anarudi."

Akang'oa jani la mhogo, akalizungusha vidoleni. "Mimi na shule wapi na wapi, mwalimu?"

"Ni saa moja tu, baba."

Akalitupa lile jani. Ila mkewe, aliyekuwa akipalilia hatua chache kutoka pale na akijitia hasikii, alisema bila kuinua kichwa, "Tutakuja."

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, maana hakuna anayekosa kuona aibu ya mwenziwe ikifichuliwa. Wanawake wakakaa upande mmoja, wanaume upande mwingine, bila kuambiwa. Yule baba alichagua kukaa mlangoni, mgongo umeegemea jamvi, tayari kuling'oa. Nilipoziba dirisha la mwisho nikasikia minong'ono, mtu akakohoa, mwanamke mmoja akasoma dua kwa haraka. Niliwasha taa ya mashine huku macho yangu yako mlangoni. Sikuwa naogopa giza, naliogopa jamvi lile kung'olewa kabla filamu haijaanza.

Mwanzoni walinitazama mimi kuliko shuka. Kisha mvua ikaanza kunyesha kwenye shuka, na ule udongo ukaanza kushuka, na wakasahau kwamba wamekuja kunichunguza.

"Shamba hilo halikuachiwa hata mti mmoja," mwanaume mmoja akasema.

"Kama la kwako," akajibiwa na mwanamke toka upande wa pili, na watu wakacheka, na mimi nikapumua.

Korongo likazidi kupanuka. Kukaja watu wakipanga mawe kukata mteremko, na maji yakatulia nyuma ya mawe. Sauti ya chini ikatoka mlangoni, "Simamisha hapo."

Nikamwambia siwezi, nikisimamisha taa itaunguza mkanda. Ninaloweza ni kuurudisha nyuma. Akasema, "Basi rudisha."

Nikageuza kishikio.

Watoto nilikuwa sijawaonyesha hivyo, na mimi mwenyewe sikufikiria kitakachoonekana. Mawe yakarukia mikononi mwa watu. Kisha maji mekundu yakaanza kupanda mlima. Yakapanda, na udongo ukapanda nayo, ukaingia korongoni, na korongo likajifunga kidogo kidogo, kingo zikakaribiana, mpaka shamba likawa zima, na mvua ikatoka ardhini ikarudi mawinguni. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akasema polepole, "Ee Mungu, laiti." Yule baba akasimama, na nilidhani sasa anang'oa jamvi.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Udongo ukashuka, udongo ukapanda. Alisogea mpaka akawa karibu na shuka, kivuli cha kichwa chake kimelala juu ya ule mlima, na watu wa nyuma wakamwambia aketi waone na wao. Hakuketi. Tulipofungua madirisha, kila mtu akajipangusa jasho kwa nguo yake, na wale wale walionishtaki wakaanza kubishana wao kwa wao juu ya mawe na mteremko na shamba la nani linamwagia nani maji. Juu ya wavulana na wasichana sikusikia neno. Baba wa binti aliondoka bila kuniaga.

Jumatatu binti hakuja. Nilikasirika hasira za kutaka kulia. Niliandika ubaoni chaki ikavunjika, nikachukua nyingine ikavunjika. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba saa ya mwisho nakwenda tena nyumbani kwao, na safari hii uji sinywi, mara mlango ukafunikwa na mtu mrefu.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, baba. Mwanangu yuko wapi?" Nilisema mwanangu, na wala sikujisahihisha.

"Yuko nyumbani. Nimekuja mimi kwanza, nione siku isiyo ya sinema mnafanya nini."

Akaenda akakaa dawati la nyuma, magoti yakimfikia kifuani. Darasa zima likageuka kumtazama. Ilikuwa saa ya kuchora. Nilimwacha akae, kisha nikachukua karatasi ya saruji na kipande cha kaa, nikaviweka mbele yake. Nikamwambia, "Kwenye darasa langu hakuna mtazamaji. Anayekaa anachora."

Alilitazama lile kaa. Mikono yake ilikuwa mikubwa, imezoea jembe, na nilifikiri atasimama aende zake. Akalishika katikati ya ngumi, namna mtu anavyoshika mpini, akapiga mstari mmoja uliotoboa karatasi. Mtoto mmoja akacheka. Nikamtazama yule mtoto, akaacha. Baba akaligeuza kaa, akalishika chini zaidi, akaanza upya, na hakuinua kichwa mpaka kengele ilipolia.

Kesho yake binti alikuwa pale karibu na ukuta kabla sijafika. Sharti la baba lilikuwa kwamba kila siku ya sinema na yeye atakuwemo. Nikamwambia sharti langu analijua. Basi mpaka mtihani ulipofika, kila nilipoziba madirisha, mtu mzima mmoja alikuwa ndani pamoja na watoto wangu, na tulipotoka nje kuchora alitoka na karatasi yake. Binti mwanzoni aliona haya, akikaa mbali naye. Baadaye nilimwona akimrekebishia namna ya kuchanganya udongo na ulimbo, na baba akimsikiliza. Shambani kwao mawe yakaanza kupangwa kukata ule mteremko, mstari baada ya mstari, na baba akayachora vilevile yalivyokuwa, hata lile lililopinda.

Binti alifaulu. Si sanaa peke yake. Hata hesabu, ambayo siwezi kujisifia. Alipata nafasi ya sekondari ya bweni upande wa Kilifi, na mama yake alinijia na kuku wa shukrani, tukakaa tukazungumza mpaka jua likateremka. Nilikuwa nimeshinda, na nilijua nimeshinda.

Mwaka mpya ulipoanza nilikwenda tena Kilifi, nikaazima tena mashine, na mara hii mzee wa miwani hakuniuliza habari za mapazia. Darasa la nane lilikuwa la watoto wengine. Siku ya sinema ya kwanza, wameingia wote, nipo mlangoni nataka kuuziba, nikamwona baba yule anapanda njia ya shule, amevaa shati safi. Nilidhani amekosea, au kuna habari mbaya ya binti. Nikatoka kumpokea.

"Shikamoo, baba. Kwema?"

"Marahaba. Kwema."

"Binti yako amekwisha kumaliza hapa. Huna wa kumlinda tena."

"Najua," akasema. Akavua kofia, akaitazama. "Yeye amemaliza. Mimi nilitolewa darasa la pili, mwalimu. Baba yangu alikuja akanitoa, akasema hapa hapana maana. Sikumwuliza kwa nini."

Nikasogea, akapita, akainama kidogo mlangoni, akaenda kukaa dawati la nyuma.